Mwaridi wa kutambaa chunguni: ukiugua, anzia chini

Asubuhi moja ya Julai jirani yangu hapa Isamilo, Mwanza, alibisha hodi, mkononi ana majani matano ya mwaridi yaliyogeuka njano na chupa mbili za dawa alizokwisha kununua. "Dada, nipulizie ipi kwanza?" Nikamwomba twende kwake tukauone mti wenyewe. Chungu kilikuwa cha plastiki nyeusi, kimekaa juu ya jiwe, na jua la saa nne lilikuwa limeshakipiga ubavuni. Nikaugusa ubavu ule kwa kiganja, nikautoa mkono upesi. Dawa hazikuwa na kazi pale. Mizizi ilikuwa inapikwa.

Tangu siku ile, kila anayeniletea jani namuuliza kwanza habari za chungu. Mwaridi wa ardhini ukikosa maji au chakula, mizizi yake hushuka kuvitafuta. Wa chunguni hauna pa kwenda. Na huu wa kutambaa una shida zaidi kuliko wa kichaka, maana fito zake zinafika mita 2 au 3, na majani yote hayo yananyweshwa na udongo ule ule kidogo. Ndoo ya lita 20 itautunza msimu mmoja, baada ya hapo ni mateso. Uupe chungu chenye kina cha sentimeta 45 hivi na ujazo wa lita 50 au zaidi. Pipa la lita 200 lililokuwa la mafuta ya kula, likikatwa katikati, linakupa vyungu viwili vizuri kabisa. Lililobeba kemikali usiliguse.

Kabla hujasoma dalili yoyote hapa chini, chomeka kidole kwenye udongo mpaka kifundo cha pili uone kama kuna unyevu. Inamisha chungu uangalie matundu ya chini kama yako wazi. Halafu saa nane mchana weka kiganja ubavuni mwa chungu. Nusu ya maswali ninayoulizwa hupata majibu hapo.

Unanyauka mchana, na udongo umelowa

Hii ndiyo dalili inayowapoteza watu wengi, kwa sababu mkono wa mtu akiona mnyauko huenda moja kwa moja kwenye kopo la maji. Udongo ukiwa umelowa na majani yamelegea, maana yake mizizi haifanyi kazi, na kwa Mwanza sababu zake kubwa ni mbili.

Ya kwanza ni joto la mawe. Mji wetu uko mita zipatazo 1,140 juu ya usawa wa bahari, hewa yake waridi linaipenda. Lakini nyumba zetu nyingi, Isamilo, Bugando, Mabatini, Igogo, zimekaa kati ya miamba, na mwamba hunywa jua mchana kutwa kisha ukalitoa polepole mpaka usiku umeingia. Sakafu ya saruji nayo hufanya vivyo hivyo. Chungu cheusi au cha bati kilichokalia jiwe kinapata moto juu na chini. Kwa jirani yangu tulifanya mambo matatu: tukakipandisha chungu juu ya matofali ili hewa ipite chini, tukakizungushia gunia la katani ambalo alikuwa analilowesha mchana, na tukapanga vyungu vya maua mafupi upande wa jua vikitie kivuli. Kivuli ni kwa ajili ya chungu. Majani yabaki juani. Baada ya wiki tatu hivi machipukizi mekundu yalianza kutoka. Ukiwa na rangi nyeupe, kipake chungu nje, inasaidia sana.

Sababu ya pili ni kuoza. Utaijua kwa harufu: udongo unanuka kama matope ya mtaro. Toa mti chunguni uangalie. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya maziwa, na mgumu. Uliooza ni wa kahawia, unateleza, na ukiuvuta ganda lake linavuka kama soksi. Kata yote iliyooza kwa mkasi safi, punguza matawi ya juu kwa theluthi moja, kisha pandikiza kwenye udongo mpya ulio na unyevu kidogo tu na uweke mti kivulini siku chache.

Mara nyingi chanzo cha kuoza ni udongo wenyewe. Udongo mweusi wa mbuga, ule tunaolimia mpunga, unafaa mpunga kwa sababu hauachii maji. Chunguni sifa hiyo hiyo ndiyo inayoua. Mimi huchukua sehemu mbili za luseni, ule udongo wa kichanga wa miteremkoni, sehemu moja ya samadi iliyooza kabisa, na sehemu moja ya makapi ya mpunga yaliyounguzwa yakawa meusi bila kufikia kuwa majivu. Samadi iliyooza hainuki wala haina joto. Ile mbichi ya jana kutoka zizini itachoma mizizi.

Na hizi kokoto ambazo kila mtu huzijaza chini ya chungu "ili maji yatoke" naomba tuziache. Maji hayaruki kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake ujae kabisa, kwa hiyo kinachotokea ni kuipandisha ile tabaka yenye maji mengi karibu na mizizi, na kuupunguzia mti nafasi. Kipande cha wavu juu ya matundu kinatosha kuzuia udongo usimwagike.

Unamwagilia kila siku, lakini ndani ni pakavu

Kiangazi cha Juni hadi Septemba udongo wa chunguni ukikauka sana husinyaa na kuachana na kuta. Unamimina maji, yanapita pembeni, yanatoka chini haraka, na wewe unaridhika kwamba yamefika. Chimba kidogo katikati: vumbi. Upepo wa ziwani unaovuma mchana nao hukausha majani kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa wanaokaa Capri Point, Bwiru na Luchelele.

Chungu kidogo kizamishe kwenye beseni la maji mpaka mapovu yaishe. Kikubwa toboa udongo kwa kijiti sehemu kadhaa, mimina maji kidogo kidogo mara tatu au nne ndani ya saa moja, kisha funika juu kwa nyasi kavu au makapi. Tangu hapo mwagilia asubuhi, mpaka maji yatoke chini. Kikombe kimoja kila jioni kinalowesha juu tu na kuifundisha mizizi kukaa juu, palipo na joto.

Majani ya njano: tazama ni yapi

Mtu akiniambia tu "majani yamekuwa ya njano" sina la kumjibu. Nataka kujua yako wapi kwenye ufito na njano yenyewe ikoje.

Yakiwa ya chini, ya zamani, na njano imetapakaa jani zima, mti una njaa ya naitrojeni. Kila unapomwagilia chungu, chakula kinatoka na maji. Kijiko kikubwa kimoja cha mbolea ya NPK 17:17:17 kwa chungu cha lita 50, kila mwezi, kikinyunyizwa mbali na shina kwenye udongo uliokwisha kulowa, kinatosha.

Yakiwa ya chini lakini njano iko kati ya mishipa, pembezoni kukiwa na rangi ya kahawia, fikiria upungufu wa magnesi. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya Epsom kwenye lita 4 za maji, mimina chini, rudia baada ya mwezi.

Yakiwa ya juu, machanga kabisa, njano imejaa ila mishipa imebaki kijani kama ramani ya mito, mti umekosa chuma. Hapa usikimbilie kuongeza chochote. Chuma kwa kawaida kimo. Kinachokizuia ni udongo uliopoteza uchachu wake. Kwetu nimeona visababishi viwili tena na tena. Kimoja ni majivu ya jikoni. Majivu ni chakula, ila ni makali kwa mwaridi, na ukimwaga kila wiki kwenye chungu hayana pa kwenda. Kingine ni vyungu vipya vya saruji, vinavyotoa chokaa. Chungu cha namna hiyo kijaze maji, yamwage na kuyabadilisha kila siku kwa wiki mbili kabla hujapanda. Kama umeshapanda, acha majivu, pitisha maji mengi, badilisha udongo wa juu kwa mboji, na tafuta mbolea ya majani yenye chuma kwa ajili ya kuuinua mti wakati huo. Misumari yenye kutu inayozikwa chunguni haimsaidii mtu. Chuma chake hakiyeyuki kwa namna ambayo mzizi unaweza kukinywa.

Halafu kuna ncha za majani zilizoungua, na ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu. Hiyo ni chumvi ya mbolea iliyorundikana, au maji ya jikoni. Watu wa huku tunapenda kuumwagia mti maji tuliyooshea samaki, na hayana neno yakiwa maji matupu. Yakiwa na chumvi ni sumu ya taratibu. Osha udongo: mimina maji safi ujazo wa mara mbili ya chungu chenyewe, yaache yachuruzike yote.

Madoa meusi, na unga mweupe

Naviweka pamoja kwa sababu vinachanganywa, ilhali tabia zao zinapingana.

Madoa meusi ni ugonjwa wa kuvu. Doa ni la mviringo, kingo zake zimechanika kama manyoya, jani linalizunguka kwa njano na kisha linaanguka. Huanzia chini kwenda juu. Kuvu huyu anahitaji jani libaki limelowa kwa saa 7 hivi ndipo aingie, kwa hiyo msimu wake ni mvua za Novemba na Desemba, na zile za Machi hadi Mei. Hapa mwenye chungu ana bahati kuliko mwenye bustani, maana anaweza kukihamisha. Kisogeze chini ya ukingo wa paa ambapo mvua haifiki lakini jua linafika, ila pasiwe pale michirizi ya bati inapodondokea. Acha nafasi ya kama sentimeta 30 kati ya fito na ukuta ili hewa ipite. Okota kila jani lililoanguka, lichome au litupe mbali. Usimwagilie juu ya majani, wala jioni. Dawa ya kuvu ya kopa (shaba) au mankozebu hulinda majani ambayo hayajashikwa. Doa lililokwishatokea halifutiki, kwa hiyo asiyeliona likifutika asiongeze kipimo. Fuata kibandiko, vaa glovu na ufunike pua.

Ubwiri unga, yaani ule unga mweupe, ni wa kiangazi. Mchana mkavu, usiku wa ubaridi wenye unyevu, na pembe ya ukuta isiyo na hewa. Machipukizi yanajikunja, yanapakwa unga mweupe, na matumba yanadumaa. Wengi wakiuona husema "maji yamezidi" na kuogopa kulowesha jani. Kumbe mbegu za kuvu huyu haziwezi kuota vizuri ndani ya maji. Osha majani kwa maji safi asubuhi mapema, yakauke kabla ya saa sita. Kata ncha zilizoharibika sana. Kisha puliza maziwa kwa maji, sehemu moja kwa tisa, mara moja kwa wiki wakati kuna jua. Kama haikukubali, tumia salfa, lakini usiipulize jua likiwa kali, na usiikaribishe na mafuta ya mwarobaini ndani ya wiki 2 kwa sababu vikikutana vinaunguza majani.

Kutu, yaani vidonge vya rangi ya chungwa chini ya jani, tibu kama madoa meusi.

Majani yamefifia, kuna utando

Angalia utando wenyewe kwanza. Kando ya ziwa tunao wadudu wale wadogo wanaoinuka majini kama moshi na kutua kwenye kila ukuta na kila jani. Buibui huwafuata, na huwatandikia nyuzi kwenye fremu ya mwaridi. Nyuzi hizo ni ndefu, zinatoka ufito mmoja hadi mwingine, na hazina madhara. Niliwahi kuona mti mzima ukimwagiwa sumu kwa sababu yake, inasikitisha.

Utando wa utitiri mwekundu ni mwembamba mno na umekaa chini ya jani, kwenye mishipa. Jani kwa juu lina vitone vingi vya njano, kama limenyunyiziwa mchanga. Weka karatasi nyeupe, gonga jani juu yake. Vumbi likianza kutembea, ndio wenyewe. Wanapenda ukavu na joto, hivyo chungu kilicho kwenye ukuta unaopigwa na jua ndio nyumba yao. Piga maji kwa nguvu upande wa chini wa majani kila baada ya siku mbili, wiki mbili mfululizo. Dawa kali za wadudu huwasaidia utitiri, kwa sababu huua wanaowala.

Vidukari hujikusanya kwenye shingo za matumba, na sisimizi wanaopanda na kushuka ndio watakaokuonyesha walipo. Wakamue kwa vidole, au puliza maji ya sabuni ya mche, kijiko cha chai cha sabuni iliyoparwa kwa lita moja, jioni, kisha suuza kesho yake asubuhi. Matumba yasiyofunguka na yenye kingo za kahawia ni kazi ya thiripi, wadudu wembamba wadogo sana: yakate yote, usiyaache chini.

Na yule mjusi wa kwenye miamba yetu, dume lake lina kichwa na kifua cha rangi ya waridi na mwili wa buluu, ambaye wanasayansi wamempa jina la mji wenyewe, Agama mwanzae, ni mla wadudu. Akihamia kwenye chungu chako, mwache.

Fito ndefu, maua hakuna

Hili ndilo linalowakatisha watu tamaa, na ndilo linalotibika kwa furaha zaidi.

Ufito uliosimama wima hupeleka nguvu zote kwenye ncha. Jicho la juu kabisa linayazuia yaliyo chini yake yasiamke, ndipo unapata mti mrefu wenye ua moja huko juu kwenye bati. Ulaze ufito, na kila jicho mgongoni mwake litapata ruhusa ya kuchipua, na kila chipukizi hilo la pembeni litabeba maua. Ukutani ulaze karibu na usawa. Chunguni, ambako nafasi ni ndogo, tengeneza fremu ya nondo nne au mianzi na uzungushe fito kuipanda kama nyoka anavyozunguka mti, kila mzunguko ukiwa wa mlazo. Fanya ufito ungali mchanga, wa kijani, unaopindika, uliokomaa utavunjika. Usiukamilishe siku moja. Vuta kidogo, funga, rudi wiki ijayo.

Kama fito zimelazwa na bado hakuna ua, hesabu saa za jua. Chini ya saa 6, mwaridi hutoa machipukizi vipofu, yanayoishia kwenye jani. Kama jua lipo, kumbuka ulivyolisha: yurea au CAN, mbolea za naitrojeni, kila mara huleta majani mapana ya kijani kibichi na ndiyo hayo tu.

Kata maua yaliyochakaa juu ya jani kamili la kwanza lenye vijani vitano. Kwetu hakuna kipupwe cha kuulaza mti, hivyo wewe ndiye unayeupa mapumziko: mara moja kwa mwaka, mimi hufanya mwishoni mwa kiangazi, fupisha machipukizi ya pembeni yabaki na macho mawili au matatu, na uondoe ufito mmoja uliozeeka kuanzia chini.

Inawezekana pia umepata aina inayochanua mara moja tu kwa mwaka, tena baada ya baridi kali. Ya namna hiyo inaweza kukaa Mwanza miaka bila kukupa kitu. Unaponunua mche, dai kuona ua juu yake, na uulize kama hurudia. Tofauti hii ni kubwa kiasi kwamba mwaridi uitwao New Dawn, uliotokana na mwaridi uitwao Dr. W. Van Fleet uliokuwa ukichanua mara moja, ulipewa hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya kwanza ya mmea nchini Marekani mwaka 1931 kwa sababu ya kule kuchanua tena na tena. Ni mwaridi mzuri, ila hufika mita 6, chungu hakiutoshi.

Haupandi kabisa

Waridi halina vikonyo vya kujishikia kama mboga za kutambaa. Lisipofungwa, halipandi. Lakini kama mti umebaki kichaka cha mita moja mwaka wa pili, uliza ulitoka wapi. Wengi huchomeka vijiti vya mashada ya harusi, maua yaliyolimwa Arusha kwa ajili ya kukatwa. Yanaota vizuri, tena yanapendeza, ila ni ya kichaka tangu kuzaliwa. Yafurahie hivyo hivyo na ununue mwingine wa kutambaa.

Na ukiona ghafla fito zenye majani madogo tofauti, zinakua kwa kasi kutoka chini ya pale mche ulipounganishwa, huo ni mti mama, ule wa chini uliounganishiwa mwaridi wako, umeamka. Fukua udongo mpaka ulipoanzia, uung'oe kwa kuuvuta. Ukiukata tu, utarudi na wenzake.

Ufito mmoja umekauka, mingine mizima

Fuata ule ufito kurudi chini mpaka mahali unapoanzia kuwa hai. Mara nyingi utakuta kamba. Waya na kamba za nailoni haziongezeki mti unaponenepa. Zinakata gome na kila kilicho juu yake kinakufa. Mimi hufungia vipande vya mpira wa baiskeli au utepe wa kanga kuukuu, kwa umbo la namba nane, na kila miezi mitatu nazilegeza.

Kama hakuna kamba, tazama fremu. Mwanzi unaogusa udongo ni njia ya mchwa, na wakimaliza mwanzi huingia kwenye shina lililokauka ndani. Gonga: ukisikia mlio wa uwazi, ni wao. Badilisha nguzo kwa nondo, na chungu kisigusane na ardhi.

Kisha kwaruza gome kwa ukucha. Pakiwa na kijani, subiri. Pakiwa na kahawia, kata shuka chini kidogo kidogo mpaka moyo wa ufito uwe mweupe, na kata ya mwisho iwe juu ya jicho linalotazama nje.